Glavu ya Mjomba Shaibu

Wiki iliyopita, siku ya kwanza baridi ilipotukamata sawasawa hapa Johannesburg, mwenzangu kazini alikaa asubuhi nzima na kopo la mafuta ya nazi kwapani. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa, naye alitaka kupaka mikono yake iliyopasuka. Tunafanya kazi kwenye duka la miwani Randburg. Wateja walikuwa wanaingia, naye anawapimisha fremu kwa mkono mmoja, kwapa limebana. Tulicheka sana. Kisha akafungua kopo, harufu ikanifikia, nikajikuta nimeinuka na kwenda kusimama stoo katikati ya maboksi mpaka ilipopungua.

Kwangu sinunui mafuta ya nazi. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga kuwa na binti asiye na mafuta ya nazi ndani ni jambo linalotaka maelezo. Nimeshatoa maelezo mengi: ngozi yangu, nywele zangu, daktari kasema. Leo nataka kutoa ya kweli, na nitayatoa polepole, kwa sababu ukiyasikia haraka utadhani ni mambo ya kitoto. Na ni ya kitoto kweli. Nilikuwa na miaka tisa.

Tulikuwa tunakaa Bellevue, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mbele: kimoja cha Mama na mimi, na cha baba yangu siku akiwapo, maana alikuwa dereva wa malori na barabara ilimjua kuliko sisi. Kingine kilikuwa cha Mjomba Shaibu, mdogo wake Mama. Chumba cha nyuma alikaa Mama Solange, Mkongomani aliyekuwa anasuka nywele. Mlango wake haukufungwa mchana kutwa, kwa hiyo aliyajua yetu yote na sisi tuliyajua yake.

Bibi alipofariki, Mjomba alikuwa na miaka kumi, na Mama ndiye aliyemleta huku akamlea. Akamtia shule Kensington, na pale shuleni palikuwa na mwalimu mmoja aliyependa besiboli kuliko kufundisha. Ndivyo kijana wa Tanga alivyoingia kwenye mchezo ambao ndugu zake kule nyumbani hadi leo wanauita rede ya wanaume, kwa ule mchezo wa wasichana wa kukwepa mpira.

Najua wengi wenu mmeuona kwenye filamu tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Katikati ya uwanja kuna kilima kidogo cha udongo. Juu yake anasimama mrushaji. Mbele yake yuko mpinzani mwenye rungu, na nyuma ya mwenye rungu amechuchumaa mdakaji. Mrushaji anautupa mpira kwa nguvu na ujanja ili mwenye rungu aukose, mdakaji anaudaka, kisha anamrudishia mrushaji taratibu, kama mtu anayekupitishia chumvi. Kwa hiyo mikono ya mrushaji ina kazi mbili. Mmoja unarusha, na huo ndio wenye thamani. Mwingine umevaa glavu kubwa ya ngozi ya kupokelea mpira unaporudi. Nililijua hilo vizuri nikiwa na miaka tisa, na halikunisaidia chochote.

Mjomba alikuwa mrushaji. Alicheza timu ya pili ya klabu moja ya upande wa mashariki wa jiji, na mara chache aliitwa timu ya kwanza mtu akiumwa. Mimi nilikuwa shabiki wake, na nikisema shabiki sisemi mtoto anayepiga makofi. Nilikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika matumaini, ukurasa wa kulia wasiwasi. Msimu huanza joto likiingia, kwa hiyo majira ya baridi ndiyo muda wa kuwaza. Msimu uliotangulia timu ya kwanza ilipoteza mchezo wa mwisho kwa alama moja tu, nami nilikuwa na hakika ingekuwa tofauti angekuwa Mjomba pale juu ya kilima. Kushoto niliandika: mrushaji wa zamani amehamia Cape Town. Mjomba ameapa mwaka huu ni wake. Mama amewaambia Tanga. Kulia niliandika: kuna kijana mpya kutoka Soweto anayetumia mkono wa kushoto na anarusha kwa kasi. Halafu nikaongeza: bado mdogo, labda ataugua tetekuwanga.

Jioni Mjomba akirudi kazini, kwenye duka la matairi, tulikaa jikoni na chai nikamsomea daftari. Aliniita Meneja.

"Haya, Meneja, leo hali ikoje?"

"Bado nina wasiwasi na yule wa kushoto."

"Wa kushoto mwachie Mjomba wako. Andika kwenye matumaini: mjomba ana mkono."

"Nilishaandika."

"Andika tena. Kwa herufi kubwa."

Mama Solange alikuwa anasimama mlangoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele, anatusikiliza.

"Hii mupira yenu, watu wanasimama tu sana," alisema siku moja. "Nani anakimbiaka?"

"Wanakimbia mpira ukipigwa, Mama Solange."

"Na kama haupigwe?"

"Ndiyo vizuri. Mjomba hataki upigwe."

"Eh! Basi hataki watu wakimbie. Mujomba yako ni muvivu, ni ile inafanya alichagua mupira ya kusimama."

"Nakusikia, Mama Solange!" Mjomba alisema, na yuko mbele yake.

"Nilitaka usikie!"

Mama hakuwa na maneno mengi juu ya mpira, lakini alikuwa na fahari, na fahari ya Mama ilikuwa inasafiri. Aliongea na Tanga kwa simu kila Ijumaa. "Shaibu mwaka huu ni wa kwanza," alikuwa anasema. "Ndiyo, wa kwanza kabisa. Wazungu wenyewe wanamsubiri." Nilipenda sana sauti yake akisema hivyo. Alikuwa amefua nguo za watu na kupiga pasi ili mdogo wake asome, na huku mjini hakuna aliyekuwa anamuuliza habari zake. Mjomba juu ya kilima kile alikuwa jibu lake kwa maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kila Jumamosi ya baridi ile Mjomba alibeba begi lake la mazoezi akaondoka asubuhi, akarudi jua linapozama. Kuna kitu nilikiona. Miaka ya nyuma suruali yake nyeupe ilirudi na udongo mwekundu magotini na matakoni, Mama anagombana nayo kwenye beseni mpaka maji yanageuka chai. Mwaka ule ilirudi safi. Wiki baada ya wiki, safi. Nikaielewa kwa akili yangu ya kishabiki. Nilimwambia Mama tukiwa uani:

"Mjomba amekuwa hodari mpaka haanguki tena."

Mama aliendelea kusuuza. Mama Solange, aliyekuwa anamsuka mteja kizingitini, alisimamisha vidole.

"Hiyo suruali inalala na kuamka bila mavumbi," alisema. "Ni kazi ya malaika."

"Suka kichwa cha mtu," Mama alimjibu.

Nikaandika kwenye ukurasa wa kushoto: haanguki tena.

Wiki ya mwisho kabla ya siku ya majaribio, siku ambayo kocha angesoma majina ya timu ya kwanza, nilifungua begi la Mjomba kuitazama glavu. Nilikuwa napenda kuingiza mkono mle ndani na kusikia mahali vidole vyake vilipolala. Safari hii vidole vyangu havikuingia vizuri. Ngozi ilikuwa kavu kama mkate wa juzi, imepasuka mistari kwenye mikunjo, na ukiifungua inalia. Niliogopa. Hapa baridi inakausha kila kitu, midomo, visigino, hata meza za mbao zinapasuka, nikasema baridi imeifikia na glavu ya Mjomba. Haikunipitia akilini kwamba glavu inayotumika kila wiki haikauki hivyo. Jasho la mkono na mpira wenyewe huilainisha. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na jibu tayari, na mtu mwenye jibu tayari hatafuti lingine.

Jibu lilitoka Tanga. Mama alipenda kusimulia makubadhi ya Babu, viatu vya ngozi alivyovaa kwenda msikitini. Babu aliyapaka mafuta ya nazi, akayaanika juani, yakalainika mpaka unaweza kuyakunja kama leso. Nilikuwa nimesikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba niliona kama nilikuwapo.

Ijumaa, nilipotoka shule, Mama alikuwa kwa Mama Solange anasukwa, maana Jumamosi palikuwa na harusi ya watu wa kwetu. Nilichukua chupa ya mafuta. Yalikuwa yameganda, nikaiweka kwenye sufuria ya maji moto kama Mama anavyofanya, yakayeyuka. Nikaimiminia glavu. Iliyanywa! Nilimimina tena, ikanywa. Ngozi ikawa nyeusi, inang'aa, ikalainika mikononi mwangu kama Babu alivyoahidi. Nilisugua mpaka kwenye mishono. Nikamaliza chupa. Kisha nikaiweka nje kwenye kizingiti cha dirisha ipate jua la mwisho, nikaisomea Alhamdu, nikaenda zangu. Nilijiona nimefanya kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka Mjomba ashangae mwenyewe.

Kitu ambacho Babu hakukijua, wala mimi, ni kwamba Tanga mafuta ya nazi hayagandi kwa sababu Tanga hakuna baridi. Hapa, mwishoni mwa Agosti, jua linadanganya mchana, na likishazama tu ni kisu. Glavu ililala nje. Asubuhi vioo vya magari mtaani vilikuwa na barafu. Niliichukua kwa mikono iliyojificha ndani ya mikono ya sweta, nikaitumbukiza kwenye begi bila kuihisi.

Mjomba hakutaka kunichukua.

"Leo si siku ya watoto, dada," alimwambia Mama.

"Na mimi nina harusi. Nimwache na nani? Utaenda naye. Si ndiye shabiki wako?"

"Dada, kweli, leo..."

"Leo ndiyo siku anayoingoja tangu msimu uliopita. Shaibu, usinichoshe."

Tulitembea. Kwenye robot ya barabara kubwa, tukingoja taa, alinishika bega akasema, "Meneja, leo mambo yakienda vibaya, usilie mbele za watu, sawa?" Nilimcheka. Nikadhani ni unyenyekevu, kwamba mabingwa wote huongea hivyo.

Uwanja ulikuwa na majani ya njano, makavu, yanakwaruza chini ya viatu. Kocha alikuwa mzee mrefu mwenye kofia iliyochakaa, ameshika ubao wenye karatasi. Mjomba aliniacha kwenye waya wa uzio akamfuata. Waliongea pembeni. Kocha alitikisa kichwa. Mjomba akaongea tena, akanionyesha kwa kidevu. Kocha akanitazama muda mrefu, halafu akamwinulia Mjomba vidole vitano. Niliamini amempa jezi namba tano.

Mjomba akapanda kilimani. Mpira wa kwanza ulipita juu sana. Mdakaji akamrudishia, taratibu, kama kupitisha chumvi. Mjomba akafungua glavu, na glavu haikufunguka. Mpira uligonga ngozi kwa sauti ya ubao, ukadunda, ukabingirika mpaka miguuni mwa wale waliokuwa wanangoja zamu. Wakacheka. Wa pili ulikwenda pembeni, na uliporudi ukamdunda tena. Mjomba aliingiza vidole ndani ya glavu akaikwangua. Akainusa. Akageuka, akanitazama pale kwenye uzio.

Nikamwinulia dole gumba.

Alirusha iliyobaki mitatu. Sikumbuki ilikwenda wapi. Kisha akapanda yule kijana wa Soweto, na hata mimi, ambaye nilikuwa nimemwombea tetekuwanga, niliona. Kocha alisoma majina kwenye karatasi, na Mjomba hakusubiri yaishe.

Njia nzima alitembea hatua tatu mbele yangu. Nilikuwa nimeshaigusa glavu. Nilikuwa nimeona mafuta meupe yamejaa kwenye mikunjo kama samli, na nilikuwa naelewa, hatua kwa hatua, kutoka uwanjani mpaka Bellevue, nilichokifanya. Nilijaribu kuanza mara mbili. "Mjomba," nilisema. "Tembea," alisema.

Mama alikuwa mlangoni, amevaa tayari, mikono ina hina, Mama Solange anamfunga mtandio. "Vipi, mrushaji wetu?" Uso wake ulikuwa unang'aa. Simu alikuwa ameishika mkononi. Nadhani alikuwa amewaahidi Tanga kuwapigia.

Mjomba aliweka glavu mezani. Ilitoa sauti.

"Muulize mwanao," alisema. "Amenipakia glavu mafuta ya nazi. Imeganda kama ubao. Mpira haushikiki. Wamenicheka mbele ya kocha."

Mama aliishika. Akaigonga kwa ukucha. "Umefanya nini, wewe mtoto?"

"Alitaka kusaidia," Mama Solange alisema.

"Amenisaidia sana," alisema Mjomba, akaingia chumbani kwake.

Mama hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa kwenye kiti na nguo zake za harusi, akaweka simu mezani, akasema, "Sasa niwaambie nini watu?" Hakuwa ananiuliza mimi, lakini nilikuwa peke yangu pale mbele yake.

Mjomba hakucheza tena. Niliomba msamaha siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, mpaka akanipapasa kichwa akasema, "Basi, Meneja, yameisha." Hayakuisha. Msimu ulianza nikiwa ndani. Nilichana daftari kurasa zote mbili mbili. Na kidogo kidogo, kama miaka inavyofanya, machungu ya nyumba yakageuka kuwa utani wa nyumba. Kila sikukuu, kila mgeni, Mjomba aliisimulia: mafuta, barafu, mpira unadunda. Alikuwa msimuliaji mzuri. "Leo ningekuwa Amerika," anamalizia, ananionyesha kidole, "lakini kuna mtu alinimaliza." Watu wanavunjika mbavu. Tanga waliisikia. Kwenye harusi za watu nisiowajua nilitambulishwa kama yule wa glavu.

Nilicheka nao. Mtu hutakiwa kucheka. Lakini nilikua nikiwa mtu asiyegusa cha mwenzake. Mteja akisahau miwani yake mezani yenye alama za vidole, wenzangu wanaifuta, mimi namwita kwanza nimuulize. Ukinipa mtoto wako nimshike, nitakuuliza mara tatu kama kweli unataka. Kila penye nafasi ya kusaidia nasikia ule mlio wa ubao.

Majira ya baridi yaliyopita mzee mmoja mrefu aliingia dukani kutaka miwani ya kusomea. Alikuwa ameinama, kofia nyingine, lakini aliposema "taratibu, binti, sina haraka," niliijua sauti. Nilipomrekebishia fremu nyuma ya masikio nilimtajia jina la Mjomba. Alifurahi sana. Watu wazima hufurahi kukumbukwa.

"Alikuwa na mkono," alisema. "Pole yake. Majira yale ya mwisho alikuja mazoezini mara mbili tu. Nilimpigia wiki mbili kabla nikamwambia asijisumbue kuja, jina lake halipo. Akaja hivyo hivyo, na mtoto mdogo. Akaniambia, nimekuja na mtoto wa dada yangu, usiniaibishe mbele yake, niachie nirushe kidogo. Nikamwachia mipira mitano."

Nilimuuliza habari za glavu. Nilijaribu kuiuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Glavu?" Alifikiri. "Tulikuwa na boksi zima la glavu za akiba pale chini ya benchi. Na binti, mrushaji hatumwangalii glavu. Tunaangalia mkono unaorusha."

Nilimfungia miwani kwenye kifuko chake. Nilikuwa najua hilo. Nililijua nikiwa na miaka tisa, ningeweza kumfundisha mtu yeyote pale Bellevue. Kila nilichohitaji kujua nilikuwa nakijua: suruali safi, ngozi iliyokauka, mkono unaorusha. Nilikuwa nimekiandika hata kwenye daftari, kwenye ukurasa usiofaa.

Kama na wewe ulibebeshwa kitu ukiwa mdogo, nakushauri siku moja ukitue chini ukiangalie vizuri, mchana, ukiwa na watu wazima waliobaki. Sikuahidi utafurahi. Nilienda kwa Mama Jumapili hiyohiyo. Alikuwa anakata bamia.

"Mama, Mjomba hakuwa anaenda mazoezini mwaka ule."

"Mwaka gani?"

"Unaujua."

Alikata bamia tatu, nne. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua suruali," alisema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua haendi. Wapi anakwenda sikujua."

"Na siku ile mezani? Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Alikuwa amesimama pale kama mtu anayetaka kuanguka. Nimemlea, sikuwa na mama wa kumrudishia. Ningesema mbele ya Mama Solange kwamba ni mwongo, angeondoka mlangoni pale, na huu mji ungemla." Alifuta kisu. "Wewe ulikuwa mtoto. Nikasema huyu atasahau."

"Sikusahau."

"Naona," alisema, akaendelea kukata.

Sitaki mumchukie Mama. Nami nimejaribu na sijaweza, na sijaweza pia kumwambia kwamba si kitu.

Miezi miwili baadaye Mjomba alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake Kensington. Binti yake Zuhura, mwenye miaka minane, alikuwa na majaribio ya timu ya watoto Jumamosi inayofuata, na nyumba nzima ilikuwa mpira. Alikuwa amebandika ukutani majina ya timu pinzani kwa kalamu za rangi. Alinieleza matumaini yake yote kabla sijavua koti. Mke wa Mjomba, Mkenya mchangamfu ambaye enzi hizo alikuwa anafanya kazi benki, akaanza hadithi yake anayoipenda, jinsi walivyojuana baridi moja, Mjomba alivyokuwa anamfuata Randburg kila Jumamosi na begi la mazoezi, wanakaa kwenye bustani mpaka jua linazama. "Kila Jumamosi, bila kukosa! Na hilo begi lake!" Hadithi ile nimeisikia miaka yote, na ile ya glavu nimeisikia miaka yote, mara nyingi kwenye meza hiyo hiyo, pilau ile ile. Sikuwahi kuziweka pamoja. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatafuta iliki kwenye wali wake.

"Baba, sasa ile ya mafuta," Zuhura alisema.

Mjomba akaisimulia. Hakukosea hata mahali pamoja. Watu walicheka palepale wanapocheka. "Leo ningekuwa Amerika," alisema, kidole kikanijia, "lakini kuna mtu alinimaliza."

Hapo huwa kuna zamu yangu. Huwa nainamisha kichwa nasema, "Nisamehe, Mjomba," kwa sauti ya kitoto, na ndipo kicheko kikubwa kinapokuja. Wote waliningoja. Nilimwangalia, naye akaniangalia, na nikaona kwamba amejua kuwa najua. Sijui Mama alimwambia au alilisoma usoni mwangu. Ningeweza kusema neno moja. Zuhura alikuwa kati yetu, amemshika baba yake mkono, ule unaorusha, na Jumamosi alikuwa na majaribio yake.

Sikusema lile neno. Lakini na zamu yangu sikuisema.

"Dada," Zuhura alinong'ona, kunikumbusha, "sema nisamehe."

"Mwache dada yako," Mjomba alisema haraka. "Anakula."

Ilikuwa mara ya kwanza kunitetea mbele ya watu. Zuhura aliangalia sahani yangu, ambayo ilikuwa tupu muda mrefu. Akaniangalia mimi. Kisha akageuka polepole, akamwangalia baba yake.